Karatasi ya jaji: enzi ya sasa ya vikosi vya ngoma na tarumbeta ilianza lini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, naishi Indianapolis. Binti yangu ana miaka 17, anapiga melofoni, ala ya shaba, kwenye bendi ya shule, na sasa anataka kujiunga na hivi vikosi vya drum corps vinavyoshindana kila kiangazi. Walimu wake wawili wamebishana mbele yake. Mmoja anasema enzi ya sasa ya mashindano haya ilianza 1972. Mwingine anasema 2000, na ya kabla ya hapo ni mambo ya makumbusho. Binti ameniuliza mimi, nami sijui hata wanachobishania. Nani yuko sahihi? Na kwa nini watu wazima wagombee mwaka?

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa binti. Walimu wake hawagombani bure. Mwaka huo wanaoutafuta ndio unaoamua tunamlinganisha nani na nani, rekodi ipi inahesabika, na kijana anayejiunga leo anaingia kwenye sanaa ipi hasa. Nimepiga tarumbeta tangu utotoni, na kwa misimu kadhaa ya kiangazi nimefundisha wapigaji wa vikosi hivi huko huko mlipo. Jibu langu haliwapi ushindi hata mmoja kati ya wale wawili. Mimi nasema 1984, na sababu yake msiitafute kwenye tarumbeta wala kwenye sare. Imo kwenye karatasi ya jaji.

Nianze na picha, maana umesema hujui wanachobishania. Kikosi ni vijana wa umri wa hadi miaka 21 au 22. Wana tarumbeta na ndugu zake wote wa shaba, wana ngoma, na wana wacheza bendera. Filimbi, klarineti na saksafoni hazimo. Kiangazi kizima wanalala chini kwenye kumbi za michezo za shule, wanasafiri usiku kwa mabasi, wanafanya mazoezi juani kutwa, na jioni wanaingia uwanja wa futiboli ya Kimarekani kuonyesha onyesho moja tu la dakika kumi na kitu, lile lile walilolinoa msimu mzima. Chukua halaiki ya sikukuu ya Uhuru, changanya na bendi ya polisi, tia na ubishi wa ngoma za mashindano, utakuwa umekaribia. Na wewe ni wa Tanga: mabibi na mababu zetu wa pwani walikuwa na beni, Marini na Arinoti, wakishindana kwa sare, gwaride na matarumbeta yaliyotoka jeshini. Vikosi vya Marekani navyo vilikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Maveterani waliorudi nyumbani walikuwa na buruji na ngoma za kijeshi, na vyama vyao, American Legion na VFW, vikaanza kufadhili vikosi vya vijana na kuwashindanisha. Kwa nusu karne hivi, wenye mashindano walikuwa maveterani. Kanuni zao, majaji wao, ratiba yao.

Hapo ndipo mwalimu wa kwanza ana hoja. Mwaka 1971 viongozi wa vikosi vikubwa walichoka. Walikuwa wakisafiri maelfu ya maili kwenda kupiga mbele ya watu waliolipa kiingilio, halafu hawana sauti juu ya kanuni, juu ya majaji wala juu ya malipo yao. Don Warren wa Cavaliers, kikosi cha Chicago, na Jim Jones wa Troopers, kikosi cha Casper, Wyoming, wakashikana na wenzao wa Madison Scouts, Blue Stars na Santa Clara Vanguard. Wa mashariki nao walikuwa na umoja wao. Kutokana na harakati hizo ikazaliwa Drum Corps International, ambayo sote tunaiita DCI, chombo cha vikosi vyenyewe. Agosti 1972 ikafanyika fainali ya kwanza huko Whitewater, Wisconsin, na bingwa akawa Anaheim Kingsmen kutoka California, kikosi ambacho leo hakipo.

Huo ni mwaka mkubwa. Mabingwa wote tunaowataja leo tunawahesabu kuanzia hapo, na ni haki. Lakini ukiniuliza mwaka 1972 ulibadilisha nini uwanjani, nitakuambia kidogo sana. Kilichobadilika ni mwenye nyumba. Nyumba ilikuwa ile ile. Kikosi kiliingia kutoka upande mmoja wa uwanja, bastola ikapigwa kuashiria kwamba majaji wameanza kazi, kikasonga kuelekea upande wa pili kwa mistari iliyopangwa sawasawa kulia na kushoto kwa mstari wa yadi 50, ule wa katikati ya uwanja, bastola ikapigwa tena, basi. Bendera ya taifa ililindwa kijeshi hasa. Na buruji zilikuwa bado buruji.

Sitaki kuwapunja watu wa zama hizo. Mwaka 1971, kabla hata DCI haijafanya fainali, Garfield Cadets wa New Jersey waliingia na onyesho la kupinga vita wakachora uwanjani alama ya amani, Vietnam ikiwa bado inawaka, mbele ya hadhira ya maveterani. Ujasiri ulikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kuupimia.

Sasa tufike kwenye karatasi yenyewe.

Mpaka msimu wa 1983, sehemu kubwa ya alama ilitolewa kwa mfumo wa tiki. Usichanganye na tiki ya mwalimu wa shule za kwetu, ile ya wino mwekundu inayomfurahisha mtoto. Tiki hii ilikuwa ya kosa. Jaji alitembea katikati ya kikosi, ubao wa karatasi mkononi, kalamu tayari. Mpiga ngoma mmoja fimbo yake imegusa ngozi kabla ya ya mwenzake: tiki. Goti moja halikupanda sawa na mengine: tiki. Noti imepasuka mdomoni: tiki. Kila tiki ilikula sehemu moja ya kumi ya alama. Kikosi kiliingia uwanjani kikiwa na alama zote kwenye utekelezaji, halafu kwa dakika zote zile kazi ya jaji ilikuwa kukinyang'anya. Kulikuwa na kipengele cha mvuto wa jumla ambacho jaji alijenga alama kutoka chini kwenda juu, lakini mabingwa wengi walipatikana kwenye hesabu ya makosa.

Nimewahi kukaa na mkufunzi mmoja mzee aliyehifadhi karatasi zake za miaka ya 1970 kwenye sanduku la viatu. Alinitolea moja. Ilikuwa imejaa vistari vya kalamu, vimesongamana mafungu mafungu kama watu wanavyohesabu magunia ghalani, na pembeni maneno machache sana. Nikamuuliza jaji alikuwa amependa nini katika onyesho lile. Akaigeuza karatasi, akaitazama nyuma, akairudisha sandukuni. Hakukuwa na mahali pa kuandika hilo.

Fikiria mfumo huo unafanya nini kwa mtu anayetunga. Una vijana 128, kikomo cha wakati ule. Umeandika kipande kigumu cha muziki, na unataka wakipige huku wanakimbia nyuma kwa nyuma. Kila usiku kipande hicho kinakugharimu tiki nne au tano. Mpinzani wako amewasimamisha vijana wake wima, wanapiga kitu chepesi kwa usafi kamili, hapotezi hata moja. Utafanya nini? Utapunguza noti, utapunguza mwendo, na ikifika Julai kile ulichoota kimebaki mifupa. Wakufunzi wa zama hizo walifanya hivyo wiki baada ya wiki, na si kwa kukosa vipaji. Karatasi ilikuwa inawalipa kwa kutothubutu.

Mwaka 1984 DCI iliuondoa mfumo huo. Karatasi mpya ilianza kwa sifuri, jaji akajenga. Na ikampa maswali mawili yanayokwenda pamoja hadi leo: wamepewa nini cha kufanya, na wamekifanya vizuri kiasi gani? Ugumu ukapata bei. Wazo likapata bei. Jaji akabaki na kinasa sauti mkononi, anaongea huku anatazama, anasimulia anachokiona na kukisikia, na mkufunzi anakwenda kusikiliza usiku ule ule. Siku hizi katika alama 100, alama 40 ni za mvuto wa jumla, 30 za muziki na 30 za kinachoonekana kwa macho. Makosa bado yanaumiza, asikudanganye mtu. Lakini yanaumiza ndani ya mazungumzo kuhusu kitu kizima.

Na tazama nani alikuwa pale mlango ulipofunguliwa. Garfield Cadets hao hao wa alama ya amani. George Zingali, mchoraji wao wa gwaride, alikuwa ameshaachana na ule usawa wa kulia na kushoto. Maumbo yake hayakukaa. Duara linaanza kuvunjika kabla jicho halijalimaliza, mstari unapinda, unapita katikati ya mwingine, unatokea upande usioutazamia, na vijana wanafanya hayo kwa mwendo ambao zamani ungehesabiwa wa wendawazimu. Mwaka 1983 walishinda, wakawa mabingwa wa kwanza wa DCI kutoka pwani ya mashariki. Mwaka 1984 wakaja na onyesho lote likiwa West Side Story, tamthilia ya muziki ya mtunzi Bernstein, wakashinda tena. Mwaka 1985 wakashinda tena, na hakuna aliyewahi kushinda mara tatu mfululizo kabla yao.

Hapa binti yako, kama ana akili ninayoidhania, atanibana: "Mwalimu, walishinda 1983 chini ya tiki. Kwa hiyo karatasi haikuwa kizuizi." Ni hoja nzuri na lazima niikubali nusu. Sanaa ilitangulia sheria. Cadets walikuwa wazuri kiasi cha kuthubutu na bado wakabaki wasafi, na nina imani kwamba kuwaona kuliwapa watu ujasiri wa kuachana na tiki moja kwa moja. Lakini kikosi kimoja chenye watu wa ajabu hakifanyi enzi. Enzi inaanza pale kikosi kinachoshika nafasi ya kumi na mbili, chenye bajeti ya kawaida na vijana wa kawaida, kinapoweza kujaribu kitu kigumu kisiadhibiwe kwa kujaribu. Hilo lilianza 1984.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki. Chukua dakika moja ya onyesho la leo, ipeleke kwa jaji wa mwaka fulani wa zamani, halafu uliza: je, karatasi yake ina mahali pa kuandikia alichokiona? Ukiipeleka 1990, mahali papo. Ataduwaa kuona vipaza sauti, atashangaa sare, lakini kalamu yake itajua pa kwenda. Ukiipeleka 1975, mahali hapapo. Ataanza kuhesabu miguu.

Na kama unataka kuona kipimo hicho kikifanya kazi, nenda 1993, mji wa Jackson, Mississippi. Huo kwangu ndio usiku unaoeleza zaidi kuliko mwingine wowote katika historia hii. Star of Indiana, kikosi cha Bloomington, si mbali na kwenu, kilikuwa na umri wa miaka minane tu. Kilianza kushindana 1985 na kikaingia fainali mwaka wake wa kwanza, na 1991 kilikuwa kimeshachukua ubingwa. Mwaka 1993 wakaja na muziki wa Samuel Barber, ule wa Medea, na wa Béla Bartók: mkali, mkavu, wenye ukimya mrefu. Hawakumpa mtazamaji nafasi ya kupiga makofi pale alipozoea. Miili ya vijana ilikuwa sehemu ya wazo. Walijikunja, walijinyoosha, walisimama kama vitu visivyo watu. Watazamaji wengine waliinuka kushangilia, wengine walizomea. Cadets walishinda usiku ule kwa 97.4, na Star wakapata 97.3.

Sehemu moja ya kumi. Katika enzi ya zamani hiyo ni tiki moja, fimbo moja iliyochelewa. Mwaka 1993 ilikuwa tofauti ya maoni kati ya maonyesho mawili yaliyotoka dunia mbili, na majaji waliweza kuyaweka karibu hivyo kwa sababu karatasi iliwaruhusu kuyapima kwa wazo na kwa utekelezaji pamoja. Star waliacha mashindano baada ya msimu ule. Watu wake wakaendelea na kazi ambayo baadaye ilizaa onyesho la jukwaani liitwalo Blast!, likaenda London 1999, likafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na 2001 likapata tuzo ya Tony. Gwaride la maveterani limefika Broadway. Bila kuiondoa tiki, sioni njia ambayo lingefika.

Mwalimu wa pili sasa, yule wa 2000. Simdharau hata kidogo, na hoja yake inamgusa binti yako mkononi kabisa.

Vikosi hivi vilipiga buruji za ufunguo wa G. Niliwahi kushika moja ya zamani, nzito kuliko inavyoonekana, imepakwa kromu mpaka unaona uso wako. Ilikuwa na pistoni moja tu, na haikusimama kama kwenye tarumbeta. Ililala ubavuni, ukaibonyeza kwa kidole gumba, na kulikuwa na valvu nyingine ya kuzunguka kwa mkono wa pili. Jaribu kupiga ngazi nzima ya muziki kwenye chombo hicho na utakwama, noti nyingine hazimo kabisa. Nilijaribu kupiga wimbo ambao naujua tangu shule ya msingi, nikafika katikati nikakuta noti ninayoihitaji haipo popote kwenye chuma kile. Ndipo nilipowaheshimu hasa waliopanga muziki wa miaka ile. Walikuwa wakijenga nyumba kwa matofali yenye mapengo, na mtazamaji asione pengo.

Pistoni mbili za kusimama ziliruhusiwa 1977, ya tatu 1990. Kisha kanuni ikapitishwa kwamba kuanzia msimu wa 2000 kikosi kinaweza kutumia ala za shaba za ufunguo wowote, almradi mdomo wake mpana, ule unaotoa sauti, unatazama mbele. Vikosi vikahamia kwenye ala za ufunguo wa B-flati na F, zile zile zinazotumika mashuleni. Sababu moja ilikuwa ya muziki, nyingine ya mfuko: buruji ya G ikizeeka, nani atainunua? Tarumbeta ya kawaida unaitumia, kisha unaiuza kwa shule, na mwakani unaleta nyingine mpya. Ndiyo maana binti yako anaweza kutoka na melofoni ya F ya bendi ya shule akaenda kwenye usaili akiwa na mikono iliyokwisha kuzoea. Kabla ya 2000 angekabidhiwa chombo cha ufunguo mwingine akaanza kuzoeza masikio upya.

Wazee wengi waliumia, na nawaelewa. Safu ya buruji za G ikifungua sauti pamoja ilikuwa na ukali fulani, mwanga unaochoma, ambao B-flati haina. Neno buruji lenyewe limebaki kwenye majina tu. Ukizitafuta kanda za Vanguard au Madison za miaka ya 1980 utasikia ninachosema. Lakini niulize: msimu wa 2000 kitu gani kilibadilika katika namna ya kutunga onyesho? Cavaliers na Cadets walifungana kwa ubingwa mwaka ule, na maonyesho yao yalikuwa watoto halali wa yale ya miaka ya 1990. Chombo kilibadilika, lugha ikabaki.

Hayo mengine nayapita haraka. Mwaka 2004 vipaza sauti vikaruhusiwa, 2009 vinanda vya umeme, 2014 ala zote za shaba, tromboni zikiwemo. Vipaza sauti viliwafaa sana watu wa mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ala za kugonga za noti zilishushwa kutoka vifuani mwa vijana zikawekwa chini mbele ya uwanja, na marimba zikawa moyo wa sehemu ile. Marimba, mama, neno letu la Kibantu, unalisikia likitamkwa kila siku na kijana wa Iowa. Mpiga marimba alilazimika kugonga kwa nguvu za mchonga mawe ili asikike jukwaa la juu, sasa anaweza kugonga kama mwanamuziki. Vinanda vya umeme sivipendi vinapowekwa chini ya sauti ya matuba kuinenepesha. Kijana amebeba chuma kile begani kiangazi kizima, nataka nimsikie yeye.

Bluecoats wa Canton, Ohio, ndio walionifanya nifikirie upya. Mwaka 2014 walitumia umeme kupinda sauti ya kikosi kizima, noti ikainama kama mti kwenye upepo, na ulihisi kiti chako kinainama nayo. Mwaka 2016 wakaja na majukwaa ya kuteleza, vijana bila kofia ndefu za manyoya, bila makoti ya kijeshi, wakachukua ubingwa wao wa kwanza. Tangu hapo sare za gwaride zimekuwa adimu. Kijana akiniambia kwamba pale ilianza enzi yake, sitamkatalia kwa ukali. Ni chumba kipya, tena kikubwa. Mlango wake ni ule ule wa 1984.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo walimu wote wawili wanaweza kulikagua wenyewe. Alama ya juu kabisa iliyowahi kutolewa kwenye fainali za DCI ni 99.650, ya kikosi cha Blue Devils mwaka 2014. Ichukue kwa lugha ya tiki: kilichopungua ni 0.35, yaani makosa matatu na nusu kwa watu wapatao 150 wanaokimbia na kupiga kwa zaidi ya dakika kumi. Hakuna binadamu wa hivyo. Namba ile haisemi kwamba walikosea mara tatu. Inasema majaji waliona wazo kubwa limefikiwa karibu lote. Kwa hiyo unapoona kwenye orodha kwamba Blue Devils wana mataji 21 kufikia 2023, jua kwamba matano ya kwanza, kuanzia 1976 hadi 1982, yalipatikana katika mchezo wenye maana nyingine ya alama. Yaheshimu yote, ila usiyaweke kwenye mizani moja.

Umeuliza kwa nini watu wazima wagombee. Nimekaa na wengi wao, na nimegundua kwamba mtu huanza kuhesabu enzi ya sasa karibu na mwaka aliovaa sare yake ya kwanza. Binti amuulize kila mwalimu kwa adabu alipiga kikosini miaka ipi. Na wana haki ya kuishika miaka yao kwa nguvu, kwa sababu vikosi vyenyewe havidumu. Mamia yaliyokuwepo miaka ya 1970 yamebaki makumi. Cadets hao niliowasifia kurasa nzima, walioanzishwa 1934, walifunga mwaka 2024. Vanguard walikosa msimu wa 2023 mzima kabla ya kurudi. Kwa upande mwingine Boston Crusaders, kikosi cha tangu 1940, walichukua ubingwa wao wa kwanza 2025.

Kwako wewe mzazi: uliza gharama mapema, maana ni maelfu ya dola kwa msimu, na uliza kikosi kina utaratibu gani wa kuwalinda vijana. Usione haya kuuliza hilo la pili, na kikosi kinachojibu kwa kigugumizi kiache.

Fainali za Agosti zinafanyika hapo hapo mjini kwenu, Lucas Oil Stadium, tangu 2009. Mkienda, msikate tiketi za chini karibu na uwanja. Kaeni juu, kule ambako umbo lote linaonekana, na mkae karibu na mstari wa yadi 50. Na binti akipata nafasi kikosini, usiku fulani wa Julai, baada ya shindano, wakiwa wamekaa chini kando ya basi na jasho halijakauka, mkufunzi atawachezea sauti ya jaji iliyorekodiwa. Mwambie atege sikio kwenye dakika ya kwanza, asikie jaji anaanza na nini.